Mpunga Bado Uko Shambani, Begi Limeshapangwa: Sakata la Safari ya Zanzibar Lililogawa Marafiki Saba wa Malinyi na Ifakara

Mjini mtu akisema hana mpunga, anamaanisha hana hela. Malinyi akisema hana mpunga, anamaanisha hana mpunga, na hela pia hana. Hapo ndipo lilipoanzia hili sakata ambalo wiki ya pili sasa linazunguka kwenye status za watu kuanzia Mtimbira mpaka Ifakara mjini, kila mtu na upande wake, kila mtu na emoji yake ya kucheka mpaka machozi.

Kwa waliochelewa, habari ndo hii. Ni marafiki saba. Mmoja ana saluni Ifakara, mmoja ni wakala wa pesa za simu, wawili ni walimu, mmoja anamiliki bodaboda mbili, na kuna yule dada wa TikTok ambaye jina halitajwi hapa lakini nyie mnamjua, maana video zake za kupika kambale zimeshapita kwenye simu ya kila mtu bondeni. Wa saba ni binti wa Malinyi. Anauza mitumba mnadani, na msimu wa kilimo ukifika anarudi shambani kwa mama yake. Huyo wa saba ndiye habari yenyewe.

Mambo yalianza mwaka jana, staa mmoja wa kike wa Bongo alipomwaga picha zake za Mykonos: nyumba nyeupe, milango ya bluu, glasi mkononi, bahari nyuma yake kama imepakwa rangi. Dada wa TikTok akafungua grupu usiku uleule na kuliita "Ibiza Tunakuja". Mykonos iko Ugiriki na Ibiza iko Hispania, lakini usiku ule hakuna aliyekuwa na muda wa ramani. Watu walishaanza kuchagua miwani.

Wakala wa pesa, ambaye ndiye mwenye kichwa cha hesabu, akaleta majibu baada ya wiki. Visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hela hairudi. Hapo bado bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki za miezi kadhaa, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala. Mwenye bodaboda akauliza kama taarifa za kwenye simu zinakubalika. Grupu likawa kimya siku nne. Siku ya tano jina likabadilishwa: "Zanzibar Tunakuja".

Na hapo, tuseme ukweli, walikuwa sahihi kabisa. Mtu wa Ulaya anakusanya likizo yake ya mwaka mzima ili aje Nungwi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje ya nchi analazimika kulipia bima ya dola 44 kabla ya kukanyaga Unguja. Binti wa Malinyi anakuja na kitambulisho cha NIDA tu, tiketi ya boti analipia kwa shilingi na kwa bei ya chini kuliko mgeni, na akifika anaongea lugha ya wenyeji. Kama ni kisiwa cha bata, Kendwa wana pati yao ya mwezi mpevu ambayo watu wanapanga safari kutoka Nairobi kuifuata. Paje wana vijana wanaoruka na matiara juu ya maji mchana na muziki usiku. Forodhani wana urojo. Mykonos hakuna urojo.

Kwa hiyo wale wanaoandika "watoto wa jembe wanataka nini ufukweni" wapumzike kidogo. Hiyo kauli inatoka kwa watu ambao wao wenyewe wameshapiga selfi Coco Beach wakavimba mwezi mzima. Kijana wa bondeni anapanda mchele ambao mji mzima wa Dar es Salaam unautaja kwa jina, "wa Kilombero huu, wa Kilombero", halafu yeye akitaka siku tatu za bahari anaonekana amechanganyikiwa. Na wale wengine wanaosema aende zake Udzungwa akaoge maporomoko ya Sanje, ni kweli maporomoko yana mita 170 na Mang'ula haiko mbali na Ifakara, pazuri sana pale, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mtu wa Masaki kwamba asiende Zanzibar kwa sababu kwao kuna mbuyu.

Safari yenyewe inawezekana siku hizi kuliko zamani. Unatoka Malinyi na gari la alfajiri, Mtimbira, Lupiro, unavuka Mto Kilombero juu ya Daraja la Magufuli pale ambapo wazazi wetu walisubiri kivuko, unaingia Ifakara. Kidatu, Mikumi, Morogoro. Morogoro unapanda treni ya SGR, ambayo ilipoanza mwaka 2024 kiti cha kawaida mpaka Dar kilikuwa 13,000. Unalala kwa shangazi Mbagala, asubuhi boti, saa mbili baharini, unashuka bandari ya Malindi. Malinyi mpaka Malindi. Herufi moja tu ndo inabadilika, hilo grupu walilifurahia sana na wakataka kuliandika kwenye fulana.

Tatizo lilikuwa tarehe.

Dada wa TikTok alichagua Aprili. Sababu zake zilikuwa mbili: siku yake ya kuzaliwa, na bei. Ni kweli Aprili nyumba za wageni Unguja zinashusha bei. Zinashusha kwa sababu ni masika. Mvua inaweza kunyesha kutwa, baadhi ya hoteli zinafunga kabisa zikafanye ukarabati, na ile bahari ya bluu ya kwenye picha inageuka rangi ya chai ya maziwa. Huku bondeni Aprili ndiyo mbaya zaidi: barabara ya Lupiro kwenda Malinyi inakuwa uji, mto unajaa, na mafuriko ya 2024 hakuna mtu wa Kilombero aliyeyasahau. Hata huko Ibiza walikokuwa wanakuota, klabu zinafunguliwa kuanzia Mei hivi na kufungwa Oktoba. Mhispania hapeleki marafiki zake Ibiza Januari akategemea muziki. Kila kisiwa kina msimu wake.

Ila mvua ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba Aprili mpunga haujavunwa. Kilombero na Malinyi watu wanavuna kuanzia Mei mpaka Julai. Machi na Aprili ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi bondeni hazina kitu: akiba imeliwa, hela ya mbegu na palizi imeshatoka, na watu wako dunguni wanaamia ndege. Kumwambia mtu wa Malinyi atoe mchango wa safari mwezi Machi ni sawa na kumwambia mwajiriwa atoe mchango tarehe 24, ila tarehe 24 ya miezi mitatu mfululizo.

Mwenye saluni ana hela kila wiki. Wakala ana kamisheni. Walimu wana mshahara. Wote hawa waliona Aprili ni mwezi kama mwezi mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Binti wa mitumba akaandika "sawa mabesti" na kibendera.

Hakuwa na hela. Alichofanya ni kuuza magunia matano ya mpunga uliokuwa bado unasimama shambani. Tajiri alikuja, akaliangalia jaruba, akatoa hela mkononi, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari. Mama hakujua. Alikuja kujua tajiri aliporudi kukagua mali yake na kumkuta mama mwenyewe anapalilia.

Wale ambao hamjakulia bondeni, biashara hii inafanyika hivi. Tuweke namba rahisi kwa mfano tu. Gunia ambalo likikauka na kukaa ghalani lingeuzwa 80,000, likiwa bado shambani linachukuliwa kwa 40,000. Magunia matano, umepata laki mbili leo. Thamani yake ingekuwa laki nne. Kwa kila shilingi utakayokula Kendwa, shilingi nyingine imebaki mfukoni kwa tajiri. Hapo bado lumbesa, maana akija kupima hapimi gunia la kawaida, anapima gunia lenye kilemba. Na mpunga ukiharibiwa na maji au ndege, deni halifutiki, linahamia msimu unaofuata. Kagera wanaiita butura, wanauziana kahawa ikiwa bado ni maua, na imewafilisi watu wazima wenye ndevu. Ndiyo ndugu wa ile mikopo ya kausha damu ya mjini, tofauti ni kwamba hii haina ofisi wala dada wa kukupigia simu kukutukana. Ina shamba la mama yako.

Na hayo magunia matano yalikuwa na kazi. Kuna mdogo wa kiume anayetarajiwa kwenda kidato cha tano Julai, shule ya bweni. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022, sawa, lakini godoro halijafutwa, sanduku halijafutwa, nauli ya kwenda mkoa mwingine haijafutwa.

Hapo ndipo mitandao ilipomvaa binti wa watu. "Mwizi wa mama." "Ameuza chakula akapige picha." Kuna jamaa mmoja aliweka video ya dakika nane akilia kwa niaba ya mama wote Tanzania, na yeye mwenyewe mama yake yuko Mlimba hajamtumia hata vocha tangu Krismasi, majirani wanajua.

Tupunguze kelele kidogo. Huyu binti ana miaka 26. Misimu mitatu amerudi shambani, amepanda, amepalilia, amekaa dunguni jua la saa saba. Misimu yote hiyo hakuna siku aliyoambiwa "gunia hili ni lako". Bondeni ni kawaida: mtoto mkubwa analima kwa wazazi, mavuno yanakuwa ya nyumba, na akihitaji kitu anaomba kama mtoto wa darasa la tatu. Kuomba hela ya nguo unaweza. Kuomba hela ya kwenda kwenye pati ya mwezi mpevu kwa mama aliyekaa kanisani mbele, hebu jaribu uone. Alichofanya kilikuwa kosa, alipaswa kusema, na kuuza kitu cha nyumba kwa siri ni kumvunjia mama heshima. Lakini kumwita mwizi wa kitu alichokilima kwa mikono yake ni kuruka swali ambalo nyumba nyingi za huko hazitaki kuulizwa: kijana anayefanya kazi nyumbani, chake ni kipi? Kama wangekubaliana mapema kwamba kati ya magunia yote mawili ni yake, angejua ana mawili. Asingegusa matano.

Lawama nyingine wamempa dada wa TikTok. Kwamba ndiye aliyewasha moto. Naye ana upande wake. Ndiye aliyetafuta nyumba, akabembeleza bei, akakataa kutuma kianzio kwa mtu wa Instagram aliyekuwa na picha nzuri na namba ya simu isiyo na jina, jambo ambalo limewaliza wengi. Kazi ya kupanga safari ya watu saba haina shukrani. Kosa lake ni ule ujumbe wa tarehe mosi Machi: "Ambaye hajalipa mpaka tarehe 15 anatolewa kwenye grupu, hatubebi mtu." Watu wakagonga vidole gumba. Mwalimu mmoja akaweka na kaburi.

Ujumbe kama huo una madhara. Mwenye hela anausoma kama kumbusho. Asiye nayo anausoma kama tangazo la kufukuzwa kwenye urafiki. Mwenye bodaboda naye, imekuja kujulikana juzi, alikopa kwa riba kutimiza tarehe hiyohiyo, ila yeye ni mwanaume basi hakuna aliyemtengenezea video.

Halafu zije sare. Hapa ndipo roho inapouma zaidi. Kitenge cha Ijumaa cha kushona, nguo nyeupe ya usiku wa mwezi, na zile fulana za boti za "Malinyi–Malindi" zenye jina la kila mtu mgongoni. Ukijumlisha, mchango wa sare kwa mtu mmoja ulizidi nauli ya boti kwenda na kurudi. Mtu ameuza mpunga mbichi wa mama yake, na sehemu kubwa ya hela imekwenda kwenye nguo zitakazovaliwa mara moja ili saba wafanane kwenye picha. Bahari haina shida na mtu kuvaa nguo yake ya mwaka jana. Cha kuzingatia kwenye mavazi Unguja ni kimoja tu: ukitoka ufukweni ukaingia Mji Mkongwe au kijijini, jifunike, ni nyumbani kwa watu na watu wenyewe ni wa dini. Kanga mbili za mama zinatosha.

Sasa wamekwama. Watatu wanataka waende Aprili hivyohivyo, kwamba ya familia yamalizwe na familia. Wawili wanataka wavunje grupu kila mtu arudishiwe chake. Binti mwenyewe amejitoa na simu amezima.

Njia ipo, na wala haihitaji kikao cha ukoo. Hela ya sare bado iko kwa wakala, nguo hazijashonwa. Hela hiyo ya watu saba iende kwa tajiri sasa hivi, kabla mpunga haujaiva, pamoja na kifuta jasho chake, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, karatasi ya daftari ichanwe. Tajiri akikataa magunia yote matano, akubali hata matatu. Wengine watauliza kwa nini wao walipe deni la mwenzao. Kwa sababu walimwekea tarehe mwezi ambao wanajua kwao watu hawana kitu, wakamtishia kumtoa, na walipoona amelipa wakashangilia bila kumuuliza hata mmoja amepata wapi. Wawili kati yao wamekulia hukohuko. Wanajua Machi ikoje.

Na safari iende Septemba. Mpunga umevunwa, umekauka, bei imeanza kupanda kutoka ile ya mavuno. Barabara ni vumbi lakini inapitika. Unguja mvua hakuna, upepo wa kusi bado unapuliza, ule umati wa Julai na Agosti umeanza kupungua na nyumba za wageni zinaongeleka bei. Mwezi mpevu upo kila mwezi, haujawahi kuhitaji siku ya kuzaliwa ya mtu. Wakienda kwa ajili ya huo mwezi wajue kwamba ni siku za bamvua pia: upande wa Paje na Jambiani maji yakitoka yanakimbia mbali mpaka unajiuliza bahari imehamia wapi, kwa hiyo kuogelea ni kwa ratiba ya maji. Kendwa na Nungwi ndiko unakoweza kuogelea karibu muda wote.

Lakini wakipata nafasi wapite Paje maji yakiwa yametoka. Watakuta akina mama wamejikunja kwenye maji ya magoti, safu kwa safu, wakifunga mwani kwenye kamba. Kilimo hicho kimekuwepo pwani ile tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Watalii wanapiga picha wanaondoka. Binti wa Malinyi akisimama pale ataijua ile namna ya kuinama bila kuelezwa na mtu, na huenda akawa wa kwanza siku hiyo kuwauliza kilo wanauza bei gani na nani anapanga.

Ada ya kubadilisha tarehe ya nyumba ni ndogo, wakala ameshauliza. Dada wa TikTok amesoma huo ujumbe, hajajibu, ila jana usiku ameifuta ile posti ya kuhesabu siku. Mama ameonekana saluni Ifakara, hakwenda kusuka, wamekaa na mwenye saluni nyuma ya pazia karibu saa nzima. Fundi cherehani anasema yeye kitambaa hajakikata, anasubiri vipimo mpaka Jumamosi.